Kuchoma au kukata: kuchagua tiba ya donge dogo la saratani ya ini kwa mgonjwa wa Lubumbashi

Donge lilikuwa moja, lenye upana wa milimita 28, katika upande wa kulia wa ini la kaka yangu mkubwa. Daktari alitueleza kwamba lingeweza kutibiwa kwa njia mbili: kulikata kwa upasuaji pamoja na sehemu ya ini inayolizunguka, au kuliacha mahali pake na kulichoma kwa sindano inayopitisha mawimbi ya redio, tiba ambayo madaktari wetu wanaosoma Kifaransa huiita radiofrekansi. Tulikuwa tumekaa katika chumba kidogo hapa Lubumbashi, picha za skana zikiwa zimebandikwa kwenye kioo chenye taa, na kaka huyo, Yaya kama tunavyomwita nyumbani, alinigeukia akasema: "Mudogo, kama ni ini yako, ungechagua nini?" Siku ile sikuwa na jibu. Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya familia nyingine itakayoulizwa swali hilohilo, kwa kuwa katika majuma yaliyofuata nilijifunza kwamba halijibiwi kwa kuuliza ni tiba ipi iliyo ya kisasa zaidi. Linajibiwa kwa kulitazama donge lenyewe, ini linalolibeba, na jinsi mgonjwa atakavyofuatiliwa akisharudi nyumbani.

Ninazungumzia saratani iliyoanza katika seli za ini lenyewe, siyo ile iliyosafiri kutoka utumbo mpana au titi na kutua kwenye ini, ingawa baadhi ya madonge yaliyotoka kwenye utumbo nayo huchomwa. Huku kwetu saratani hii hutokana zaidi na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo watu wengi huvipata wakiwa wachanga na kukaa navyo miaka mingi bila kuumwa. Huchochewa pia na aflatoksini, sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla hazijakauka vizuri, na mtu mwenye virusi hivyo anayekula sumu hiyo mara kwa mara hatari yake huongezeka kwa kiasi kikubwa. Pombe kali kama lutuku, ikinywewa kwa wingi kwa miaka, huliharibu ini kwa njia yake. Kaka yangu alikuwa akitumia tenofovir, dawa ya kuvizuia virusi vya B, na alikuwa akipigwa ekografi, picha ya mawimbi ya sauti, kila baada ya miezi 6. Hilo ndilo lililomwokoa, kwa maana donge la milimita 28 haliumi, halionekani wala halipapasiki. Mgonjwa anayefika hospitali akiwa na tumbo lililojaa, macho ya njano na uvimbe unaoshikika chini ya mbavu, kwa kawaida amekwisha kupita mahali ambapo kuchoma au kukata kunaweza kumponya, na inanisikitisha sana kwamba wengi wetu hufika tukiwa katika hali hiyo.

Tiba ya kuchoma hufanya kazi hivi. Sindano nyembamba, iliyofunikwa isipite umeme isipokuwa kwenye ncha, hupitishwa katikati ya mbavu hadi ndani ya donge, daktari akiiongoza kwa ekografi au skana. Mashine hutuma umeme unaogeuka mwelekeo mara laki nne hivi kwa sekunde, umeme unaotoka kwenye ncha ya sindano na kurudi kwenye mashine kupitia vibandiko vikubwa vilivyowekwa kwenye mapaja. Sindano yenyewe haiwashwi moto kama chuma kilichotiwa kwenye makala. Chembe zenye chaji ndani ya nyama ya ini ndizo zinazotikisika, na msuguano wao ndio unaozaa joto. Seli hufa kwa dakika chache joto likipita nyuzi 50 za Selsiasi, na hufa papo hapo likipita 60. Likizidi 100, nyama inayoizunguka ncha huchemka na kugeuka mkaa, na mkaa huo huuzuia umeme usiende mbele. Aliyewahi kuweka mhindi kwenye makala makali mno ataelewa mara moja: nje huungua ukiwa mweusi, na ndani hubaki mbichi. Kwa hiyo joto hupandishwa polepole, na baadhi ya sindano hupozwa ncha kwa maji yanayozunguka ndani yake. Kila mara sindano inapowekwa, kazi huchukua dakika 10 hadi 30 hivi.

Hapa ndipo ukubwa wa donge unapoanza kuamua mambo. Haitoshi kulichoma donge peke yake, kwa kuwa pembeni yake mara nyingi kuna seli chache za saratani ambazo skana haizioni. Daktari hutaka kuchoma pia ukingo wa nyama ya ini isiyo na saratani, wenye unene wa milimita 5 hadi 10 pande zote. Donge la milimita 28 kwa hiyo linadai duara la kuungua lenye upana usiopungua milimita 38, na ikiwezekana karibu 48, ambao ndio upeo wa kile sindano moja inaweza kukifanya kwa uhakika. Donge la sentimita 2 huachia nafasi ya kutosha. La sentimita 5 hulazimisha sindano kuwekwa mara kadhaa, duara moja likiingiliana na jingine, na kati ya maduara hayo hubaki vipembe visivyoungua. Kwa sababu hiyo madaktari hutaja sentimita 3 kama mpaka, na ukiujua mpaka huo ulikotoka hutashangaa daktari akikataa kuchoma donge la sentimita 6 hata familia ikiwa tayari kulipa.

Upasuaji hauna mpaka huo. Donge kubwa linaweza kukatwa, mradi liwe mahali panapofikika na ini litakalobaki litoshe. Faida yake nyingine, ambayo mimi naithamini kuliko zote, ni kwamba kipande kilichotolewa hupelekwa maabara, ukingo wake ukatazamwa kwa darubini, na mtu akakuambia kwa maandishi kama saratani imefika kwenye mkato au la. Baada ya kuchoma hakuna anayeuona ukingo. Kuna picha ya skana tu. Tena mpasuaji anaweza kuondoa eneo zima linalolishwa na mshipa mmoja pamoja na donge, akachukua na vijidonge vilivyokuwa vimeanza kusambaa katika mshipa huo. Bei ya faida hizo ni mkato tumboni, au vitobo kadhaa pale wanapotumia kamera, siku nyingi za kulala hospitali, majuma ya maumivu, na kipande cha ini ambacho mgonjwa hatakirudishiwa kama ini lake ni gonjwa.

Je, ipi humwezesha mgonjwa kuishi zaidi? Kwa madonge madogo, tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Nchini Japani wagonjwa takriban 300 wenye madonge yasiyozidi 3, kila moja lisilozidi sentimita 3, waligawanywa kwa kura kati ya kukata na kuchoma, na makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kuaminika, wala katika muda wa kuishi wala katika muda wa kukaa bila saratani kurudi. Nchini China majaribio mawili ya namna hiyo, yaliyohusisha madonge makubwa kidogo, yalitoa majibu yanayopingana: moja halikuona tofauti, jingine liliona upasuaji ukiwa mbele. Mimi naelewa hivi: chini ya sentimita 2 kuchoma ni tiba kamili, siyo ya kubahatisha, kati ya 2 na 3 njia zote mbili zinafaa, na mambo mengine ndiyo yaamue, juu ya 3 mgonjwa anayeweza kukatwa na akatwe, kwa kuwa donge lililochomwa likiwa kubwa huota tena palepale mara nyingi zaidi. Familia ijue pia kwamba hata baada ya upasuaji mzuri, zaidi ya nusu ya wagonjwa wenye ini lililosinyaa hupata donge jingine ndani ya miaka 5, mara nyingi mahali pengine kabisa, maana udongo ulioliotesha la kwanza bado uko. Kuchoma kunaweza kurudiwa mara ya pili na ya tatu bila kulimaliza ini. Kukata mara ya pili ni kugumu, na wengi hawakuwezi.

Sasa tulitazame ini. Madaktari hulipima kwa alama za Child-Pugh, zinazohesabu mambo matano: bilirubini, albumini, muda wa damu kuganda, maji tumboni, na kuchanganyikiwa kwa akili kunakoletwa na ini kushindwa kusafisha damu. Alama 5 au 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, na 10 hadi 15 ni C. Mtu wa daraja A anaweza kufikiriwa kwa njia zote mbili. Wa B kwa kawaida huelekezwa kwenye kuchoma, tena kwa tahadhari. Wa C hufaidika kidogo mno na njia hizi, kwa kuwa ini ndilo litakalomuua kabla ya donge. Mtu mwenye ini zima anaweza kuondolewa zaidi ya nusu yake na likaota tena, lakini ini lenye sirosisi, yaani lililosinyaa kwa makovu, haliwezi kuhimili hivyo, na mpasuaji atataka karibu asilimia 40 ibaki. Kaka yangu alikuwa daraja A, alama 5, na kwa karatasi hiyo peke yake angeweza kukatwa. Kilichobadilisha shauri ni hesabu ya plaketi, chembe zinazosaidia damu kuganda: alikuwa nazo 82,000 katika kila mikrolita ya damu, bandama yake ilikuwa imevimba, na kamera iliyopitishwa kooni ilionyesha mishipa iliyotutumka kwenye umio. Hizo ni dalili kwamba damu inapita kwenye ini kwa shinikizo kubwa, na mtu wa namna hiyo akikatwa ini anaweza kuvuja damu au ini likazimika siku chache baada ya upasuaji. Kwa sindano, plaketi 82,000 zinatosha. Wengi huhitaji zisipungue 50,000. Kwa hiyo omba plaketi zisomwe, na usiridhike na jibu kwamba "ini linafanya kazi vizuri".

Halafu mahali donge lilipo. Damu inayopita katika mshipa mkubwa jirani huchukua joto na kuondoka nalo, mithili ya maji ya mto yanayopoza jiwe lililochomwa na jua, na seli zilizoegemea mshipa huo huweza kunusurika. Donge lililogusa mfuko wa nyongo, utumbo au kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua linahitaji daktari mwenye mkono wa uzoefu, maana joto halijui mpaka wa ini. Lililo karibu na mirija mikubwa ya nyongo mlangoni mwa ini ni heri lisichomwe, kwa kuwa mrija ukiungua husinyaa na kuziba. Na mtu ambaye zamani mirija yake ya nyongo iliunganishwa na utumbo kwa upasuaji anaweza kupata jipu kubwa mahali palipochomwa, kwa hiyo lazima aseme mapema, kama anavyopaswa kusema aliye na kifaa cha umeme cha kuendesha moyo. Kwa upasuaji hesabu hugeuka: donge lililo ukingoni mwa ini ni rahisi kukata, na dogo lililozama katikati linaweza kumlazimisha mpasuaji kuondoa ini nyingi mno kwa ajili ya kitu kidogo. La kaka yangu lilikuwa limezama kidogo, mbali na mfuko wa nyongo, bila mshipa mkubwa wa kuligusa. Nalo hilo lilituelekeza kwenye sindano.

Kosa moja letu lilitugharimu, nalo naliandika ili wengine waliepuke. Skana ya kwanza, tuliyoifanya katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, ilipigwa mara moja tu baada ya sindano ya dawa ya rangi, na tulipoituma nje ya nchi walituandikia kwamba haisomeki kwa kazi hii. Donge la saratani ya ini hulishwa zaidi na ateri, ilhali ini lenyewe hupata sehemu kubwa ya damu yake kutoka kwenye mshipa unaokusanya damu ya utumbo. Kwa hiyo picha lazima zipigwe kwa awamu: donge hung'aa mapema dawa inapopita kwenye ateri, kisha hufifia kuliko ini linalolizunguka katika picha za baadaye. Kwa mtu mwenye sirosisi, kung'aa na kufifia huko kwatosha kuthibitisha saratani bila kukata kinyama cha kupima. Tulirudia skana, tukalipa mara ya pili, na tukapoteza majuma mawili. Ukifika kwenye mapokezi, uliza kama picha zitapigwa kwa awamu tatu, na omba diski yenye picha zote, siyo filamu mbili au tatu walizozichagua wao.

Njia nyingine nitazitaja kwa ufupi. Kudunga alkoholi safi ndani ya donge ni tiba ya tangu miaka ya 1980, ya bei nafuu na inayohitaji vifaa vichache, na kwa donge lisilozidi sentimita 2 bado ina maana. Lakini hurudiwa mara kadhaa, na ilipolinganishwa na mawimbi ya redio iliacha saratani nyingi zaidi nyuma yake. Kuchoma kwa mikrowevu ni ndugu wa radiofrekansi: hupasha haraka zaidi, hakuhitaji vibandiko vya mapajani, na hakuathiriwi sana na mshipa jirani, hivyo kituo chenye mashine hiyo na mtu aliyeizoea kisikataliwe kwa sababu tu jina ni tofauti. Kuziba ateri ya donge pamoja na kumimina dawa ndani yake ni kwa wenye madonge mengi au makubwa, na kwa kawaida hulichelewesha donge bila kuliondoa kabisa. Kupandikiza ini huondoa donge pamoja na ini gonjwa. Kanuni zilizotolewa Milan mwaka 1996 huruhusu donge moja lisilozidi sentimita 5, au madonge 2 hadi 3 yasiyozidi sentimita 3 kila moja. Ila kunahitaji mtoaji, fedha nyingi mno na dawa za maisha yote, na familia nyingi za hapa hazitaifikia hata zikiuza kiwanja.

Kuhusu gharama, usilinganishe bei mbili zilizoandikwa kwenye ujumbe wa simu kana kwamba ni bei za mifuko miwili ya unga. Sindano ya kuchomea hutumika mara moja na kutupwa, na ni sehemu kubwa ya gharama. Uliza kama imo ndani ya bei, na ni nani atalipa ikibidi kutumia mbili. Uliza kama skana ya kuthibitisha imo, na ni usiku ngapi wa hospitali uliohesabiwa. Sisi tulikwenda India, ambako mtu anayetoka kwetu hudaiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na kadi hiyo nayo ilitukimbiza huku na huko juma zima. Upande mmoja wa hesabu unaosahauliwa ni msindikizaji: upasuaji ungetuhitaji watu wawili kwa mwezi mmoja au zaidi ugenini, na kuchoma kulinihitaji mimi peke yangu kwa majuma matatu.

Siku yenyewe Yaya aliingizwa saa 3 asubuhi, baada ya kulala bila kula. Alilazwa usingizi kamili, ingawa hospitali nyingine hutumia ganzi na dawa ya kutuliza. Muuguzi alimnyoa nywele za mapajani na kuvisugua vibandiko vikakamata vizuri kila pembe, kwa maana kikibanduka upande mmoja, umeme hujikusanya mahali padogo na kuunguza ngozi. Alitoka baada ya saa mbili akiwa na plasta moja ubavuni. Kesho yake ilipobanduliwa niliona kitobo kisichozidi punje ya haragwe, nikashangaa kwamba kazi yote ile ilipitia hapo. Bega la kulia lilimuuma kuliko tumbo. Walitueleza kwamba maumivu ya karibu na kiwambo husikika begani. Kwa siku nne alikuwa na homa ndogo na uchovu mwingi, jambo la kawaida mwili unapoondoa nyama iliyokufa. Tuliagizwa kurudi mara moja kama homa ingepanda, baridi kali ikamtetemesha, au tumbo likakaza, kwa kuwa jipu, kuvuja damu na utumbo uliotoboka ni nadra lakini hutokea. Katika hospitali zenye uzoefu hatari ya kufa kutokana na kuchomwa ni chini ya 1 kati ya 100. Ya kukatwa ini lenye sirosisi huwa kubwa kuliko hiyo hata mikononi mwa wapasuaji wazuri.

Skana ya mwezi mmoja ndiyo inayosema kama kazi imefanikiwa, na kwa maoni yangu mgonjwa asichomwe kama hajapanga ataipigia wapi. Tuliipiga hapa Lubumbashi, kwa awamu, tukaituma. Mahali palipokuwa na donge palionekana duara jeusi, pana kuliko donge la mwanzo, lisilong'aa popote. Kama ukingo mmoja ungeng'aa, hapo ndipo angechomwa tena mapema, donge likiwa bado dogo. Baada ya hapo ni skana au ekografi kila miezi 3 au 4 kwa miaka miwili, pamoja na kipimo cha alfafetoproteini, protini ambayo saratani ya ini huweza kuimwaga katika damu, kisha kila miezi 6. Tenofovir haiachwi hata siku moja, kwa sababu virusi vikiachiwa huliotesha jingine. Laiti mishipa yake ya umio isingekuwa imetutumka, na donge lingekuwa na milimita 35 badala ya 28, ningemwambia Yaya akatwe, na ningekaa naye ugenini mwezi mzima. Haikuwa hivyo. Sasa tuko kwenye skana ya tatu, diski zote nne, pamoja na ile isiyosomeka, zimo ndani ya bahasha moja kabatini, na juu ya bahasha ameandika kwa mkono wake tarehe ya inayofuata.